Kihamba, Mfongo na Mangi: Maisha ya Kila Siku ya Uchagani katika Magazeti ya Zamani ya Kiswahili

1.0 Utangulizi



Mada niliyoichagua inahusu magazeti ya zamani ya Kiswahili na maisha ya kila siku ya watu wa Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Mimi si mwanahistoria, ni mwanaisimu. Kwa hiyo sitawasimulieni historia ya Wachagga, kazi ambayo wenzangu wameifanya vizuri zaidi. Nitauliza swali moja tu: msomaji wa leo anaweza kujifunza nini kuhusu maisha ya watu wale kwa kuyatazama maneno yenyewe yaliyochapishwa katika magazeti yao?

Jibu langu nitalitoa mapema, ili msikilizaji ajue tunakoelekea. Maisha ya kila siku hayakuhifadhiwa zaidi katika habari kubwa za ukurasa wa kwanza. Yamehifadhiwa katika maneno ambayo mwandishi hakuona haja ya kuyafasiri, kwa sababu yeye na wasomaji wake waliyaishi. Maneno hayo ndiyo ambayo sisi wataalamu wa lugha tumekuwa wepesi kuyaita ya kienyeji na kuyaacha nje ya Kiswahili. Nitajaribu kuonyesha kwamba kuyaacha nje kuna gharama, na kwamba wanaoilipa gharama hiyo si wanaisimu.

Naomba nianze na kumbukumbu yangu mwenyewe. Bibi yangu mzaa baba aliishi Vunjo katika nyumba ya miti na udongo. Kuta zake kwa ndani zilibandikwa magazeti ili kuzuia vumbi na upepo, kama ilivyokuwa desturi ya watu wengi wakati huo. Nilijifunza kusoma kwa kuzitazama kuta hizo kabla sijapelekwa shule. Yalikuwako magazeti ya Dar es Salaam, ya Kanisa, na mengine yaliyokwisha kugeuka rangi yakawa kama majani ya mgomba makavu. Baba alipojenga nyumba ya matofali, ile ya zamani ilibomolewa, na kuta zikarudi kuwa udongo pamoja na vilivyobandikwa juu yake. Hakuna aliyefanya kosa. Lakini nilipokuwa mtafiti nilitambua kwamba nilikuwa nimelala miaka mingi ndani ya maktaba ambayo haipo tena.

2.0 Magazeti na wasomaji wake

Kiswahili hakikufika Kilimanjaro kwa njia ya gazeti. Kilifika kwa njia ya misafara. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Uchagani mwaka 1848 aliongozwa na mtu wa pwani, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiswahili walikuwa wageni wa kawaida katika makao ya wamangi, hasa kwa Mangi Rindi wa Moshi. Baadaye utawala wa Kijerumani ulikifanya Kiswahili kuwa lugha ya shule zake na ya makarani wake. Gazeti la Kiongozi, lililoanzishwa Tanga mwaka 1904, lilitokana na mazingira hayo. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, karatasi zilizochapishwa pwani zilipata njia nyepesi ya kupanda bara.

Baada ya Waingereza kuitwaa nchi, Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo mwaka 1923. Lilikuwa gazeti la serikali, lakini wananchi walilifanya lao kwa barua, kwa mashairi na kwa habari fupi kutoka wilayani. Katika miaka ya 1930 Walutheri nao walikuwa na gazeti lao, Ufalme wa Mungu, na Uchagani kwenyewe palikuwa na Uremi, lililohusiana na chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Chama hicho, KNCU, kiliandikishwa mwaka 1933, kikachukua nafasi ya KNPA, chama cha wakulima kilichoundwa mwaka 1925 na ambacho Joseph Merinyo alikuwa kiongozi wake. Ikumbukwe kwamba kahawa na karatasi vilikwenda pamoja. Mkulima aliyeuza kahawa kwa chama alipewa stakabadhi, akataka kujua bei, akahitaji kusoma matangazo. Kahawa ndiyo iliyolipa ada za shule, na shule ndiyo iliyozaa wasomaji.

Gazeti litakalotushughulisha zaidi leo ni Komkya, lililotolewa Moshi kuanzia mwaka 1953 hadi 1961 chini ya Baraza la Wachagga. Mwanahistoria Emma Hunter, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2016, ameonyesha jinsi gazeti hili lilivyowakusanya wasomaji wa mlimani wakawa kama baraza moja la mjadala. Nakubaliana naye. Nitakaloongeza ni la upande wa lugha.

3.0 Jina la gazeti

Tuanze na jina. Komkya ni neno la Kichagga, na maana yake ni kumekucha. Ajabu ndogo ni kwamba gazeti lenye jina la Kichagga liliandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni ya kiisimu. Tunachokiita Kichagga ni mfululizo wa lahaja na lugha zinazokaribiana, kama Derek Nurse alivyoeleza katika uainishaji wake wa mwaka 1979. Mtu wa Machame na mtu wa Rombo hawaelewani kwa urahisi, kila mmoja akisema cha kwao. Wamisionari wa Leipzig waliandika vitabu kwa Kimachame na kwa Kimochi, na Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi, aliitetea sana lugha ya mama. Lakini gazeti la mlima mzima lisingeweza kuchagua lahaja moja bila kuwaudhi wasemaji wa nyingine. Kiswahili hakikuwa cha Machame, wala cha Marangu, wala cha Rombo. Kwa hiyo kiliweza kuwa cha wote.

Sababu ya pili imo ndani ya neno lenyewe. Lilinganisheni Komkya na kumekucha. Yote mawili huanza na kiambishi cha mahali, ko- huku na ku- kule. Yote mawili yana mzizi mmoja wa Kibantu wenye maana ya kupambazuka. Katika Kiswahili sauti k ikifuatwa na i kisha irabu nyingine hugeuka ch. Ndiyo maana tunasema chakula na chombo, si kiakula na kiombo. Kichagga kimeitunza k hiyo. Kwa maneno mengine, -kya na -cha ni ndugu wa tumbo moja. Mtu wa pwani asiyejua Kichagga anaweza kuelezwa jina hilo mara moja tu, asilisahau. Hapa pana fundisho kwa wanafunzi wetu: neno la lugha jirani linapoingia katika Kiswahili mara nyingi si mgeni, bali ni jamaa aliyeishi mbali.

4.0 Maneno yasiyofasiriwa

4.1 Kihamba

Neno la kwanza ninalotaka tulitazame ni kihamba. Mtu asiye wa huko ataambiwa kwamba kihamba ni shamba dogo la migomba na kahawa. Fasili hiyo si uongo, lakini inapoteza karibu kila kitu kilicho muhimu. Kihamba kiko katika ukanda wa kati wa mlima, chini ya msitu na juu ya tambarare. Ndani yake mna nyumba, migomba, kahawa, ng'ombe anayelishwa zizini kwa majani yaliyokatwa mbali, na makaburi ya wazee. Mipaka yake huonyeshwa kwa mmea wa sale, ambao si ua tu. Ni alama ya amani na ya haki. Kihamba hurithiwa. Kwa desturi mtoto wa kiume wa kwanza hupewa kihamba chake anapooa, na kitinda mimba hubaki katika kihamba cha baba na kumtunza mama. Watoto wa kati walipaswa kutafutiwa ardhi tupu.

Shamba ni kitu kingine. Shamba liko chini, ambako wenyewe husema porini, na hulimwa mahindi, maharage na ulezi kwa msimu. Halina makaburi. Zamani mtu aligawiwa, na angeweza kunyang'anywa, bila ukoo wake kuhesabiwa kuwa umeng'olewa.

Sasa fikirini kazi ya mwandishi wa gazeti la Moshi katika miaka ya 1950. Idadi ya watu iliongezeka, ardhi tupu ilikwisha, na watoto wa kati hawakuwa na pa kwenda. Angeandikaje habari hiyo kwa neno shamba peke yake? Kusema kwamba mashamba hayatoshi kungekuwa ni kusema habari ya chakula. Kusema kwamba vihamba havitoshi ni kusema habari ya ndoa, ya makaburi, na ya nani ataitwa mtu mzima. Kwa hiyo neno lilibaki kama lilivyo, likapewa upatanisho wa ki-/vi- bila shida yoyote, likatembea ndani ya sentensi ya Kiswahili kama kitabu na kiti.

4.2 Mfongo

Neno la pili ni mfongo, wingi wake mifongo. Kiswahili sanifu kina neno mfereji, na mtafsiri asiyejali atalitumia bila kusita. Mifongo ya Kilimanjaro huchukua maji kutoka mitoni, mara nyingi juu karibu na msitu, na kuyapitisha kwenye miteremko hadi vihambani. Wageni wa karne ya 19 waliistaajabia. Lakini mfongo si handaki la maji tu. Una ukoo wa mtu aliyeuchimba, una watu wenye haki ya kuchota na kumwagilia, una zamu, na una siku ya kazi ambapo wote hutoka na majembe kuusafisha. Asiyetoka hutozwa.

Basi habari ya gazeti isemayo kwamba mfongo umebomoka na watu wameitwa kazini inataja kwa neno moja jumuiya nzima ya watu pamoja na sheria zao. Ukiliweka mfereji mahali pake, maji yanabaki lakini watu wanatoweka.

4.3 Mangi

Neno la tatu ni mangi, yaani mtawala wa jadi. Kisarufi neno hili linapendeza. Kwa umbo lingeweza kuwekwa pamoja na ngeli ya i-/zi-, lakini kwa kuwa lataja mtu huchukua upatanisho wa a-/wa-, na wingi wake umeundwa kuwa wamangi. Kisiasa linapendeza zaidi, kwa sababu tunaweza kuifuata safari yake.

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliupanga mlima katika tarafa tatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila moja na mangi wake aliyeitwa Mwitori. Mwaka 1949 ukaundwa umoja wa raia wa Kichagga ambao Petro Njau na Joseph Merinyo walikuwa miongoni mwa viongozi wake, na umoja huo ukadai kiongozi mmoja wa wote. Thomas Marealle alichaguliwa mwaka 1951, akaitwa Mangi Mkuu. Tazameni muundo wa cheo hicho: jina la Kichagga, kivumishi cha Kiswahili. Mwitori lilikuwa neno la mlimani tu. Mangi Mkuu lilikuwa neno la mlimani lililotaka kusikika nchi nzima.

Miaka michache baadaye wasomi na wanasiasa waliokubaliana na harakati za uhuru wakahoji kama kiongozi aliyechaguliwa anaweza kubaki katika cheo bila muda maalumu. Mwaka 1960 wananchi walipiga kura, cheo cha Mangi Mkuu kikaondolewa, na Solomon Eliufoo akawa Rais wa Wachagga. Kutoka mangi hadi rais kulikuwa ni kubadilisha fikra kuhusu mamlaka yanakotoka, na ubishi huo uliendeshwa kwa Kiswahili na watu ambao Kiswahili hakikuwa lugha yao ya kwanza. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu nchini kote.

Neno, hata hivyo, halikufa pamoja na cheo. Leo katika mitaa ya Dar es Salaam mtoto hutumwa akanunue sukari kwa Mangi, yaani kwa muuza duka. Mtoto huyo akisoma Komkya bila mwalimu atadhani kwamba Wachagga walitawaliwa na wenye maduka. Mnacheka, lakini ndivyo matini ya zamani inavyopotea: karatasi ipo, herufi zinasomeka, na maana imekwisha kuhama.

5.0 Wasiosikika

Si haki kuyasifu magazeti haya bila kutaja ukimya wake. Walioandika walikuwa kwa kawaida wanaume waliosoma shule za misheni au za serikali: walimu, makarani, watumishi wa ushirika na wa baraza. Wanawake ndio waliokata majani ya ng'ombe porini na kuyapandisha mlimani kichwani, waliobeba ndizi kwenda gulioni, waliosaga ulezi wa mbege. Mbege inapotajwa katika maandishi ya zamani, mara nyingi hutajwa kama heshima ya wazee au kama tatizo la ulevi. Ni nadra kutajwa kama kazi ya siku kadhaa ya mwanamke mwenye mikono na ujuzi.

Hali kadhalika, mambo yaliyosemwa kwa Kichagga tu, kama matambiko, mafumbo ya wazee na mazungumzo ya jikoni, hayakuvuka kirahisi kuingia katika Kiswahili cha kuchapwa. Kitabu cha Petro Itosi Marealle, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilijaribu kuziba sehemu ya pengo hilo kwa Kiswahili. Mtafiti wa leo anapaswa kukisoma gazeti, kisha akiwa na orodha ya maneno mkononi apande mlimani akawaulize wazee, hasa akina mama, maneno hayo yalitendaje kazi. Gazeti ni shahidi, lakini ni shahidi mmoja.

6.0 Gharama ya kuyaacha maneno nje

Nilisema kwamba kuyaacha maneno haya nje ya Kiswahili kuna gharama. Nitaeleza.

Miaka kadhaa iliyopita jamaa mmoja aliniletea karatasi niisome. Baba yake, mtu wa shule aliyejivunia Kiswahili fasaha, alikuwa ameandika wosia kwa mkono wake. Aliandika kwamba shamba lake anampa mwanawe wa pili. Alikuwa na kihamba na alikuwa na eneo la porini. Yeye mwenyewe, akizungumza nyumbani, asingeweza kamwe kuvichanganya. Lakini alipoketi kuandika aliona kwamba kihamba si neno la karatasi, akatumia lile alilofundishwa kuwa ndilo Kiswahili sanifu. Ndugu hawakusemezana kwa miaka miwili, na mama yao mjane alikaa muda wote huo bila kujua kama anaishi kwake au kwa mtu. Niliombwa kama mtaalamu nitamke maana ya neno shamba. Sikuweza. Kamusi niliyoitegemea ilikuwa sehemu ya tatizo.

Jambo hili sasa lina uzito kuliko zamani. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinaitambua haki ya kumiliki ardhi kimila, na zinataka mwanamke asibaguliwe katika haki hiyo. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Sote tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mila huja mahakamani na maneno yake. Ikiwa Kiswahili cha mahakama hakitakuwa na nafasi ya kihamba, mfongo na sale, hakimu atahukumu juu ya kitu ambacho lugha ya hukumu haiwezi kukitaja. Wahariri wa Moshi wa miaka ya 1950 walikwisha kulitatua tatizo hili kwa vitendo: walitumia neno lililokuwapo, wakalipa sarufi ya Kiswahili, wakaendelea na kazi.

Wapo watakaosema kwamba nikifungua mlango huu, kila kabila litaleta kikapu chake cha maneno na Kiswahili kitavunjika. Nawaheshimu, lakini hofu hiyo siishiriki. Usanifishaji wa mwaka 1930 uliegemea Kiunguja, nacho chenyewe kilikuwa kimejaa maneno ya watu waliopita Unguja. Haukukusudiwa kuwa ukuta. Aidha, sidai kwamba kila neno la Kichagga liingizwe. Nadai kipimo kimoja: ikiwa neno lilichapishwa na kueleweka katika Kiswahili cha watu kwa muda mrefu, na ikiwa neno sanifu linalotolewa badala yake linapoteza tofauti ambayo watu wanaiishi, basi neno hilo ni la Kiswahili, na kamusi ilipe fasili kamili badala ya kulifunika kwa maneno shamba dogo.

7.0 Hitimisho

Kwa kumalizia, naomba kutoa mapendekezo matatu. Kwanza, nakala za magazeti ya mikoani, zilizomo katika maktaba, katika nyaraka za taifa, makanisani na katika masanduku ya familia, zitafutwe na kupigwa picha kwa utaratibu kabla ya mchwa na unyevu kumaliza kazi yao. Pili, wanafunzi wa shahada za juu wapewe kazi ya kukusanya msamiati wa magazeti hayo pamoja na sentensi zake, kwa maana neno bila sentensi ni kama mbegu bila udongo. Tatu, orodha hizo zirudishwe kwa wazee wa mahali husika, wazisahihishe wangali nasi.

Nilizaliwa wakati Komkya likikaribia kufa, na waliolisoma likiwa jipya sasa ni wachache. Kila mwaka nikipanda nyumbani Vunjo nakuta mmoja wao hayupo. Wanafunzi wangu, msisubiri ruzuku ya utafiti. Likizo ijayo, mtakapokwenda kwenu, iwe ni Rombo, Bukoba, Songea au Pemba, ombeni ruhusa ya kufungua sanduku la babu au la bibi. Mkikuta gazeti, lisomeni pamoja naye, na kila atakapofika kwenye neno asilohitaji kufasiriwa, mwulizeni alifafanue, nanyi mwandike.